Unguja ya chini ya ardhi kwa siku moja: Mkunazini na Mangapwani, inawezekana?

mtoto_wa_Ilala
Wakuu, salaam. Napanga safari ya siku moja kutoka Dar kwenda Unguja. Tuko watu kumi na wawili, wakiwemo wazee wawili na vijana wa sekondari. Ufukweni hatuendi. Tunataka historia iliyo chini ya ardhi: vyumba vya watumwa Mkunazini, kile chumba cha watumwa cha Mangapwani, na lile pango la matumbawe lililo karibu nacho.

Nina maswali mawili. La kwanza, siku moja inatosha, au tutaishia kukimbizana na boti? La pili ndilo linaloninyima usingizi. Jamaa yangu aliyesoma historia ameniambia vyumba vya Mkunazini havikuwa vya watumwa, vilijengwa baadaye. Kama ni kweli, nawapeleka vijana wakaone nini? Natanguliza shukrani.

Kisimani
Nakaa hapa nisubiri wajuvi.

Dereva wa Kaskazini
Karibuni Unguja. Njia hii ndiyo kazi yangu. Siku moja inatosha, mradi msianze na Mkunazini. Wageni wengi hushuka botini, wanaingia Mji Mkongwe moja kwa moja, na wakishtuka ni saa sita mchana na Mangapwani bado.

Pandeni boti ya saa 1 asubuhi, mwendo wake ni takriban saa mbili. Gari likusubirini nje ya bandari. Mangapwani ni kama kilomita 20 kaskazini ya mji, kwa njia ya Bububu. Saa 4 na ushei mko pale, saa 6 mmemaliza chumba na pango, saa 7 mmerudi mjini. Mkunazini iwe ya mwisho kwa sababu kutoka pale hadi bandarini mnakwenda kwa miguu. Hata gari likiharibika, boti hamuikosi.

Wazee wavae viatu vinavyoshika. Ngazi za pango la matumbawe zina unyevu, na mvua ikinyesha zinateleza vibaya.

Mwalimu wa Zamu
Dereva amepanga vizuri kwa upande wa saa, lakini kwa upande wa historia amegeuza mambo. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa kwa mkataba alioutia saini Sultani Barghash tarehe 5 Juni 1873. Chumba cha Mangapwani, kwa maelezo yanayotolewa siku zote, ni habari ya baada ya hapo, biashara ilipojificha. Kijana akianzia Mangapwani ataona matokeo kabla ya chanzo. Ningekuwa mimi ningeanza Mkunazini.

Kuhusu swali la pili, jamaa yako hakukudanganya. Jengo lililo juu ya vile vyumba, ambalo wengi tunalijua kwa jina la St Monica, ni la misheni ya Kianglikana, na lilijengwa mwishoni mwa karne ya 19. Wakati huo soko lilikuwa limeshafungwa. Kanisa la misheni hiyo, lililo hapohapo, liliwekewa jiwe la msingi siku ya Krismasi ya 1873, miezi michache tu baada ya mkataba. Kwa hiyo wapo wanaosema vile vyumba ni ghala la chini la jengo la misheni, na kwamba hadithi ya watumwa 75 chumba hiki na 50 kile ilikuja na watalii. Mimi naegemea upande huo.

Bi Mwanakwetu
Mwalimu, shikamoo, lakini hapo sikuachii. Mimi nimekulia Mkunazini. Jengo la juu kuwa la misheni hakuna anayebisha. Sasa shimo la chini nalo lilichimbwa na nani? Mji Mkongwe nyumba imekaa juu ya msingi wa nyumba nyengine, na ukuta mpya juu ya ukuta wa zamani. Umri wa paa hauwezi kukupa umri wa shimo.

Halafu tazama vile vyumba vilivyo. Dari unaligusa kwa kichwa, kuna vibaraza vya kulala na mfereji katikati, na hewa inaingia kwa vidirisha vyembamba kama nyufa. Ghala la nani linajengwa hivyo?

Mwalimu wa Zamu
Marahaba Bi Mwanakwetu. Ghala la vitu visivyotakiwa kupata jua na joto linajengwa hivyohivyo. Vibaraza huinua mizigo isipate maji, na mfereji hutoa maji yanayopenya. Mji ule uko karibu na usawa wa bahari, chumba cha chini bila mfereji kingejaa maji. Sisemi mateso hayakuwepo, soko lilikuwepo hapohapo na hilo halina ubishi. Nasema vyumba vile viwili, kama ushahidi, ni dhaifu.

Fundi Chokaa
Naingia kama mtu wa kazi za mikono. Nyote wawili mnaweza kuwa sahihi. Sisi tukikuta shimo la zamani kwenye kiwanja hatulifukii, tunalitumia. Tunalipiga chokaa upya, tunaweka nguzo, tunajenga juu. Ukija baada ya miaka mia utaona plasta ya yule wa mwisho tu. Pale kinachotakiwa ni mtu apime chokaa ya chini kabisa, tabaka kwa tabaka.

Chaza
Mnasahau jambo moja. Hata kabla ya Mkunazini, watu waliuzwa Shangani, pale uwanja wa Kelele, na soko likahamishwa baadaye. Na mateka wengi walioletwa kutoka Kilwa hawakulazwa gerezani, waliwekwa kwenye nyumba za matajiri, vyumba vya chini na uani. Ukitaka "chini ya ardhi" ya utumwa Unguja, nusu yake iko kwenye nyumba ambazo leo ni hoteli na maduka, na hapana kibao hata kimoja.

mtoto_wa_Ilala
Asanteni sana. Bi Mwanakwetu na Mwalimu, naomba msichoke. Na je, ile sanamu ya watu waliofungwa minyororo iko hapohapo?

Bi Mwanakwetu
Ndiyo mwanangu, uwanjani pembeni ya kanisa. Watu watano ndani ya shimo, shingoni minyororo, na wewe unawatazama kutoka juu. Aliyeichonga ni Msweden, Clara Sörnäs, miaka ya 1990. Vijana wako wasimame hapo kabla ya kushuka vyumbani. Na ndani ya kanisa waulizie msalaba uliochongwa kwa mti wa kule Chitambo, Zambia ya leo, ulikozikwa moyo wa mmisionari Livingstone.

Juu ya vyumba kuna maonyesho ya historia ya biashara ya watumwa, mabango mengi ya kusoma. Mwongozaji akiwakimbiza, mwambieni asubiri.

Kijiti cha Zamani
Vijana wajue pia kwamba utumwa Zanzibar uliisha 1873. Mambo ya baada ya hapo ni hadithi za kuvutia wageni tu.

Mwalimu wa Zamu
@Kijiti cha Zamani hapana. Mkataba wa 1873 ulifunga masoko na kukataza kusafirisha watumwa baharini. Kumiliki mtumwa kuliendelea kuwa halali hadi amri ya 1897, wakati wa Sultani Hamoud. Tanganyika ilikuwa hadi 1922. Kwa hiyo kuna kipindi cha miaka zaidi ya ishirini ambacho mtu Unguja aliruhusiwa kuwa na mtumwa shambani lakini hakuruhusiwa kumleta kwa jahazi. Mangapwani inaingia ndani ya kipindi hicho.

Msumi
Mimi nina nadharia yangu juu ya Mangapwani, na sijaona mtu akiisema hapa. Aprili 1872 kimbunga kilipiga Unguja kikaangusha sehemu kubwa sana ya mikarafuu. Pemba ilinusurika. Mwaka unaofuata biashara ya baharini ikapigwa marufuku. Yaani Pemba ilihitaji mikono mingi zaidi ya kuchuma karafuu wakati uleule ambapo kuileta mikono hiyo kulikuwa kosa. Sasa chukua ramani, uangalie Mangapwani ilipo: pwani ya magharibi, kaskazini ya mji, mbali na macho ya bandarini, na njia ya majini kwenda Pemba iko mbele yako.

Waingereza nao hawakuwa wamelala. Meli yao HMS London ilitia nanga Unguja kuanzia 1874, na mashua zake zilikuwa zikisaka majahazi. Desemba 1881 nahodha wake, Brownrigg, aliuawa karibu na Pemba alipokwenda kukagua jahazi lililobeba watumwa. Biashara ya kujificha ilikuwepo, tena kali. Kwangu mimi chumba kile kilikuwa kituo cha kusubiri giza kabla ya kuvuka.

Dereva wa Kaskazini
Wazee wa kule husema chumba ni cha Mohammed bin Nassor, na kwamba watu walipitishwa chini kwenda pwani wasionekane. Kuhusu Pemba sijawahi kusikia, lakini @Msumi umenifungua. Nitawauliza.

Fundi Chokaa
@Msumi nakubali kuhusu mahali, ila napata tabu na wakati. Chumba kile kimekatwa ndani ya mwamba wa tumbawe na kufunikwa juu. Kukata mwamba kwa mkono ni kazi ndefu na ya kelele. Mtu anayeogopa kukamatwa anaanza kazi ya namna hiyo? Mimi naona kilikuwepo kabla ya 1873, kwa matumizi ya kawaida ya mwenye shamba, kisha marufuku ikaja na shimo likapata kazi mpya.

Chaza
Matumizi gani ya kawaida?

Fundi Chokaa
Kushikilia watu waliotoka safarini kabla ya kugawiwa mashambani, au kuwafungia waliojaribu kutoroka. Utumwa ulipokuwa halali haukuhitaji sababu ya kujificha ili uwe katili.

Msumi
Na kwa nini kifichwe chini, na kufunikwa kiasi kwamba mtu anaweza kupita juu yake asikione? Aliye halali hujenga banda. Hapo hujanijibu, fundi.

Mama Shukuru
Samahani nawakatisha wajuzi. Niliwahi kwenda Mangapwani na mama yangu mzazi, magoti yanamsumbua. Chumba cha watumwa alishuka kwa kushikwa mkono, ngazi zake si nyingi. Pango la matumbawe hakushuka, alikaa juu kivulini na mwenyeji mmoja aliyempa hadithi nzima, ya kijana mtumwa aliyempoteza mbuzi wake, akamsikia analia chini ya ardhi, na hivyo ndivyo pango na maji yake matamu yalivyojulikana. Nilipopanda alikuwa anaijua hadithi kuliko mimi niliyeshuka.

Kwa hiyo wazee wako waende, usiwaache Dar. Lakini mbebe maji na tochi, simu pekee haitoshi. Na kama kuna mtu anayebanwa na pumzi sehemu zilizofungwa, aambiwe mapema. Binti yangu alilia ndani ya kile chumba, ikabidi tutoke. Wengine walimcheka na mimi niliumia, kwa sababu yeye ndiye aliyeelewa pale ni mahali gani.

Bi Mwanakwetu
Mama Shukuru umesema. Na mkiingia pango la maji mkakuta vitambaa au vitu vimewekwa kwenye mwamba, msiguse. Kuna watu wanaopeleka nadhiri zao pale mpaka leo.

Mzawa wa Chumbageni
Nyote mnavuka bahari kufuata vishimo wakati Amboni ipo Tanga, kilomita 8 tu kutoka mjini! Mapango kumi ya chokaa, popo wa kutosha, sehemu ya matambiko, na mapito mengine mpaka utambae. Na pale wenyeji tunajua njia moja inatokea Mombasa. Wazungu wawili walipotelea humo na mbwa wao, mbwa akatokea Kilimanjaro.

Kipepeo wa Likoni
Mombasa sehemu gani hasa? Maana mimi niko hapa tangu nizaliwe, na huyo wa kutoka Tanga kwa chini kwa chini sijamuona bado 😂

Mwalimu wa Zamu
Mwaka 1994 wataalamu wa Kijerumani na Kituruki waliyapima mapango ya Amboni. Walikuta mapango kumi yasiyoungana, na refu kuliko yote lina kama mita 900. Mita 900 hazikufikishi hata Tanga mjini, seuze Mombasa.

Mzawa wa Chumbageni
Mwalimu, walipima yanayopitika. Mto Mkulumuzi unapita pale, tope limeziba sehemu nyingi. Babu yangu alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge wakati Osale Otango na mwenzake Paulo Hamisi wanatafutwa na serikali ya mkoloni, miaka ya 1950. Alisema walikuwa wanaingia Amboni askari wakiwa nyuma yao, kisha wanasikika upande mwingine kabisa. Wangefanyaje kama hakuna njia?

Kisimani
Mapango kumi yana milango mingi bila ya kufika Mombasa. Wenyeji wanaojua vichaka wanatosha kuwachanganya askari.

Mzawa wa Chumbageni
Haya. Siku mkitembea mkatokea Likoni mtanitafuta.

Kipepeo wa Likoni
Tukiacha utani, aliye Tanga au Mombasa afikirie Shimoni. Kutoka Mombasa ni kama kilomita 80 kusini, mkabala na kisiwa cha Wasini. Pango liko kijijini kabisa, mizizi ya miti imening'inia kutoka juu, mwanga unaingia kwa matundu, na kuna vyuma kwenye mwamba vinavyosemwa ni vya kufungia minyororo. Kijiji chenyewe ndicho kinacholisimamia na mapato yanabaki hapo. Mimi hilo linanipa moyo kuliko kitu chochote.

Lakini ubishi wenu wa Mkunazini upo kwetu pia. Utaambiwa palikuwa mahali pa kuwaweka mateka wakisubiri majahazi ya kwenda Unguja. Wazee wengine watakwambia watu wa pwani ndio waliojificha mle wakati wa mashambulizi kutoka bara. Na wapo wanaoshikilia kwamba kwanza kabisa palikuwa mahali pa ibada. Siku niliyokwenda niliyasikia yote matatu kabla ya chakula cha mchana.

Chaza
Yote matatu yanaweza kuwa ya kweli kwa nyakati tofauti. Pango halina mwenyewe mmoja.

Jembe na Mwiko
Mimi nasoma mambo ya kale na nina ombi. Kila mkisema "chini ya ardhi" mnasema utumwa. Unguja kuna pango la Kuumbi, karibu na Jambiani. Watu walilitumia tangu yapata miaka 20,000 iliyopita, wakati bahari ilikuwa chini na Unguja imeungana na bara. Wachimbaji wamekuta mifupa ya pundamilia na nyati. Pundamilia Unguja! Vijana wa sekondari wakiambiwa hilo wakiwa wamesimama pale, somo la jiografia limeisha.

mtoto_wa_Ilala
Hilo la pundamilia sikulijua kabisa. Dereva, Kuumbi inaingia kwenye siku yetu?

Dereva wa Kaskazini
Haiingii ndugu yangu. Jambiani ni kusini mashariki, Mangapwani ni kaskazini magharibi. Mtashinda ndani ya gari. Chagueni moja, au mlale usiku mmoja.

Jembe na Mwiko
Basi walale. Siku moja kwa historia ya miaka 20,000 mnaionea.

Mgeni wa Muscat
Assalaam alaykum. Nimesoma uzi huu kwa siku kadhaa kabla ya kuandika. Niko Oman, nyumbani tunazungumza Kiswahili, wazee wetu walitoka Unguja. Kwetu kuna damu ya waliomiliki na damu ya waliomilikiwa, kwenye familia moja, na wakubwa hawapendi kuizungumza. Nilipokwenda Mkunazini mwongozaji alisema "Waarabu" mara nyingi sana, akanitazama. Hakumtaja aliyekuwa akiteka watu huko bara, wala wenye mitaji wa Kihindi, wala Wafaransa waliopeleka watu kwenye mashamba ya miwa ya visiwani kwao. Sitaki kupunguza hata chembe ya alichokisema. Nataka aongeze.

Bi Mwanakwetu
Wa alaykumu salaam. Karibu, mwanangu, hapa ni kwenu. Ulilolisema ni kweli, na kwenye yale mabango ya maonyesho baadhi yake utayakuta. Waongozaji wana dakika kumi na watu ishirini, wanashika lile jepesi.

Chaza
Naunga mkono aongeze. Ila naomba tusifike mahali ambapo lawama imegawanywa mpaka hakuna anayeibeba. Wenye mashamba ya karafuu walijulikana kwa majina na mpaka leo mashamba yanaitwa kwa majina yao.

Mgeni wa Muscat
Sina ubishi na hilo.

Fundi Chokaa
Jambo dogo kwa mleta uzi: vijana wasipige picha za kujipamba ndani ya vile vyumba. Nimeona watu wanajifunga minyororo ya maonyesho shingoni huku wanacheka. Sijui historia ipi ya hapo juu ni sahihi, lakini watu waliuzwa kwenye kiwanja kile.

mtoto_wa_Ilala
Nimekuelewa fundi, nitawaambia kabla hatujapanda boti.

Mpaka hapa nimeamua kufuata mpangilio wa Dereva: Mangapwani kwanza, Mkunazini mwisho. Mwalimu, ili nisikuvunje moyo, nitawasimulia habari ya 1873 ndani ya boti, wafike Mangapwani wameshaijua. Kuhusu vyumba vya Mkunazini, nitawapa hoja yako, ya Bi Mwanakwetu na ya Fundi Chokaa, washuke nazo waangalie wenyewe ule mfereji na vile vibaraza. Tarehe tunafikiria Ijumaa moja ya Aprili.

Mwalimu wa Zamu
Hilo la botini limenifurahisha. Na wakitoka waulize mwongozaji: tunajuaje? Swali hilo moja tu.

Mama Shukuru
Aprili? Masika! Bahari inachafuka, wazee watatapika njia nzima, na zile ngazi za pango ndizo alizosema Dereva zinateleza.

Dereva wa Kaskazini
Mama Shukuru amewahi. Na Ijumaa nayo si siku nzuri, mchana watu tuko msikitini na huduma nyingi zinasimama kwa muda. Njooni Jumamosi, kuanzia Juni. Halafu wakazi wabebe vitambulisho, kiingilio cha mwenyeji si sawa na cha mgeni kutoka nje. Na boti ya kurudi hakikisheni saa yake mnapokata tiketi, ratiba hubadilika.

Bi Mwanakwetu
Juni au Julai, na mkimaliza Mkunazini kuleni urojo kabla ya bandarini. Wazee wale kidogo.

Msumi
Dereva, uliwauliza wazee wa Mangapwani habari ya Pemba?

Dereva wa Kaskazini
Nimemuuliza mmoja. Amesema Pemba ndiyo, tena bila kusita. Jirani yake aliyekaa naye barazani akasema hapana, walikuwa wakipelekwa Arabuni. Nimewaacha wanabishana.

Mzawa wa Chumbageni
Waulize na habari ya njia ya kutokea Tanga.